Damu ya Mzee, Feruzi na Bizari

"Naipanoi, njoo usome hii."

Baba alininyooshea simu yake kwa mkono ulionyooka, kama mtu aliyeshika kitu asichokiamini. Ilikuwa Jumapili, saa saba na nusu mchana. Nilikuwa ndiyo kwanza nimerudi kutoka kanisani, bado nina joho la kwaya mwilini. Shangazi Tabea, dada yake Baba, alikuwa amekaa kwenye kochi kubwa, mkoba mapajani, kitenge mabegani hajakivua. Shangazi akikaa na mkoba mapajani ujue kuna kikao.

"Shikamoo Shangazi."

"Marahaba. Soma kwanza."

Ujumbe ulikuwa umeingia jana yake jioni, kutoka kwa mtu ambaye Baba alimwandika kwenye simu yake kwa jina la "Fundi Kijenge". Nilimjua fundi huyo. Nilijua mpaka namna anavyonyanyua nyusi akitunga uzi kwenye sindano.

"Mpenzi, damu ya mzee nimeipata. Ilikuwa imebaki kidogo, nimechukua yote. Leo nakata, kesho kutwa nashona, Alhamisi nakuja kumalizia. Mzee asijue kitu mpaka siku yenyewe."

Nilisoma mara moja nikaelewa. Nilisoma mara ya pili mabega yakaanza kutikisika. Nilibana midomo, kicheko kikatafuta njia ya puani.

"Anacheka," Baba akamwambia dada yake. "Umemwona? Anacheka."

"Baba, hii ni..."

"Nyamaza. Usimfundishe la kusema. Nimempigia, anafika saa nane. Nataka nisikie kwa mdomo wake. Wewe utakaa pale kwenye stuli, mikono mapajani, na hutamkonyeza."

"Lakini Baba, damu ya mzee ni..."

"Mzee kwenye nyumba hii ni nani?"

"Ni wewe."

"Basi."

Shangazi akavaa miwani, akaichukua simu, akaisogeza mbali na macho. "Mimi hilo la damu naliogopa, ila kuna hili lingine silielewi. Huyo mpenzi ni nani? Ujumbe umekuja kwenye simu yako, Loishiye."

Baba akakohoa. Alikuwa na kikohozi kimoja kifupi cha kufunga mazungumzo, kikavu, kama komeo la mlango. Siku hizi, Baba akiwa hayupo tena, ningepanda kwa miguu kutoka mjini mpaka kwetu Olmotonyi ili nikisikie.

"Nisiporidhika," alisema, "Jumamosi hakuna barua itakayopokelewa hapa. Wameru watarudi na barua yao na ndizi zao."

Hapo kicheko kikaniishia. Jumamosi hiyo wazazi wa Aminieli walikuwa watoke Maji ya Chai kuleta barua ya posa. Nilikuwa nimehesabu siku kwa vidole tangu mwezi uliopita, na sasa vidole vya mkono mmoja na kimoja cha pili vilitosha.

Aminieli alikuwa fundi wa makochi na mapazia, ana karakana yake Kijenge. Mimi kazi yangu ni kupamba kumbi za sherehe. Tulikutana mjini, dukani kwa Mama Kalpana anayeuza vitambaa, tukiwa tumeshika ncha mbili za jora moja la feruzi, buluu inayoelekea kijani, la mwisho. Mimi nilivuta, yeye akavuta. Nilimwambia mimi nina harusi Ijumaa. Akaniambia yeye ana mteja anayelia. Mama Kalpana, ambaye hakuwahi kuinuka kwenye kiti chake kwa sababu ya wateja wawili, alisema bila kututazama, "Mimi sikati nusu. Mmoja aache, au oaneni mtumie wote."

Tulicheka. Aliniachia jora. Kesho yake akaja ukumbini kuona nimelifanyia nini, akasimama mlangoni muda mrefu, mikono nyuma.

"Feruzi na dhahabu," alisema. "Zinagombana."

"Nani amekuuliza?"

"Rangi mbili kali ukiziacha peke yazo ni ugomvi. Tafuta ya tatu, yenye nguvu kama zenyewe, isiyoogopa. Hapo zinakaa kikao."

"Na wewe ni mwenyekiti wa kikao?"

"Mimi ni karani tu. Weka damu ya mzee pale kwenye meza kuu, halafu unitukane nikiwa nimekosea."

Nikaweka. Sikumtukana. Toka siku hiyo tatu ikawa hesabu yetu. Gauni langu la Krismasi, feruzi, mkanda wa bizari, kilemba cha damu ya mzee. Karakana yake, mlango, fremu na kibao. Na sebule ya kwetu, ambayo tangu matanga ya Mama, miaka miwili, haikuwa imeguswa hata kwa kusogeza meza, tulipanga kuivalisha zote tatu kabla wageni wa posa hawajafika. Makochi damu ya mzee, mapazia feruzi, ukuta mmoja bizari. Baba alikuwa ameniruhusu "kusafisha". Alhamisi alikuwa aende mnadani kutazama ng'ombe kuanzia asubuhi. Ndiyo maana ya mzee asijue.

Saa nane kasoro tano pikipiki ikaunguruma getini. Aminieli akaingia, shati jeupe limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata. Akavua viatu mlangoni. Soksi zake zilikuwa za rangi ya bizari, njano iliyokolea ya kwenye mchuzi. Baba akazitazama soksi, akamtazama Shangazi, akarudi kwenye soksi.

"Shikamoo baba. Shikamoo shangazi."

"Marahaba," wakaitika pamoja.

Akanigeukia mimi. Alikuwa na tabia ya kunitazama kwanza machoni, halafu kidevuni, kama anayepima mahali pa kuanzia. Moyo wangu ukafanya fujo zake. Nikageuza uso kwenye kalenda ya ukutani, nikaisoma kwa bidii.

"Kaa, kijana," Baba akasema. "Umesema umepata damu ya mzee."

Nilihisi macho ya Aminieli shavuni kwangu. Niliyajua mawazo yake kama vile ameyatamka. Alidhani nimeshindwa kutunza siri.

"Ndiyo, baba," akasema polepole. "Naona Naipanoi ameshindwa kunyamaza."

"Naipanoi hajasema neno. Umeipata wapi?"

"Mjini, kwa Mama Kalpana. Ilikuwa ya mwisho. Nimeitafuta wiki mbili."

"Wiki mbili," Shangazi akarudia, akaubana mkoba.

"Inatafutwa sana, shangazi. Watu wanaitaka kwa harusi. Hata kanisa letu kule Maji ya Chai walichukua ya kufunika madhabahu."

"Madhabahu," Shangazi akasema. Sasa alikuwa amefumba macho.

"Na sasa iko wapi?" Baba akauliza.

"Nyingi iko karakana. Nimekuja na kiasi kidogo, kimefungwa kwenye pikipiki. Uliponipigia nilihisi siri imetoka, nikaona mzee akiishika kwa mkono wake ataipenda mwenyewe." Aminieli akaanza kuchangamka, kama kawaida yake akizungumzia kazi. "Kizuri chake haichuji, baba. Hata uifue kwa maji ya moto."

"Haichuji."

"Hata kwa jiki."

Nilijifinya paja. Nilijifinya mpaka machozi yakanitoka, na Shangazi alipoyaona akadhani nalia kwa aibu, akanipigapiga mgongoni.

"Ilete," Baba akasema. Aliketi wima kama siku ya kupigwa picha.

Aminieli akatoka na soksi zake, akarudi na mfuko. Akatoa kitambaa kizito, akakikung'uta mara moja, akakitandaza kwenye meza. Kilikuwa chekundu cha ndani, kilichokolea mpaka kinakaribia weusi kwenye mikunjo. Mwanga mdogo wa dirishani ukalala juu yake.

Baba alikitazama. Alitazama ndani ya mfuko. Alitazama chini ya meza.

"Hii ni nini?"

"Damu ya mzee, baba."

"Hiki ni kitambaa."

"Ndiyo, baba. Cha makochi."

Shangazi akainama, akakishika kwa vidole viwili. "Ngoja. Hii si maruni? Sare yetu ya kwaya ya akina mama ni hii hii. Loishiye, ni maruni."

"Maruni ni nini?"

"Ni rangi. Kumbe mafundi wanaiita damu ya mzee."

"Kila mtu anaiita hivyo, Shangazi," nikasema. Nilikuwa nimeruhusiwa sasa, au nilijiruhusu. "Dar, Moshi, kila duka."

"Kwetu hii ni nyekundu," Baba akasema. "Ng'ombe wa hivi ni mwekundu. Kwa Kimaasai ni mwekundu, kwa Kiswahili ni mwekundu. Hana haja ya jina la mtu."

Nikampa Aminieli simu ya Baba. Alisoma ujumbe wake mwenyewe. Nilimwona akifika kwenye "nakata", halafu kwenye "kumalizia", na rangi ya uso wake ikabadilika kuwa ile iliyokuwa mezani.

"Nimewaandika wote wawili kwa jina moja," alisema, sauti imeshuka. "Naipanoi, na Naipanoi Baba. Kidole kimeteleza. Baba, nisamehe. Nimekuita mpenzi."

"Ulikuwa wa kwanza baada ya miaka mingi," Baba akasema.

Shangazi ndiye aliyeanza. Alicheka mpaka kitenge kikaanguka, mpaka miwani ikabidi ivuliwe. "Usiku mzima Loishiye amelala na sime chini ya mto," akasema. "Kwa ajili ya maruni." Aminieli akacheka akiwa ameziba uso. Hata Baba mabega yake yalitikisika, bila sauti, kama gari linalokataa kuwaka.

Halafu yakaacha kutikisika.

"Nimeelewa damu," alisema. "Niambieni sasa hili la mzee asijue."

Nikainuka kutoka kwenye stuli. Nilimweleza yote, makochi, mapazia, ukuta, Alhamisi. Nilivyoendelea ndivyo nilivyosikia jinsi inavyosikika. Baba hakunikatisha. Alikuwa anatazama mgongo wa kochi la Shangazi, palipotandikwa kitambaa cheupe cha kufuma, kimoja kati ya kumi na viwili alivyofuma Mama. Vilikuwa kila mahali, kwenye makochi, kwenye meza, juu ya redio.

"Kwa hiyo nirudi kutoka mnadani," akasema, "nikute mama yako ameshatolewa sebuleni."

"Siyo hivyo, Baba."

"Ni hivyo. Mlijua nikiwepo nitakataa, mkangoja nisiwepo." Sauti yake haikupanda. Afadhali ingepanda. "Kijana, sina neno na wewe. Umenichekesha, na ni muda sijacheka. Ila mtu anayeingia kwangu nikiwa sipo, simpi binti. Waambie wazee wako Jumamosi wapumzike."

Nilitazama Aminieli. Nilitaka aseme kitu. Nilitaka ajitetee, aseme ni wazo langu, maana kweli lilikuwa langu. Badala yake alinyanyuka, nikadhani anaaga, kumbe alikwenda kwenye kochi lililokuwa tupu, akapiga magoti, akakiangalia kitambaa cha Mama bila kukigusa.

"Naomba kukishika, baba."

Baba akatikisa kichwa kukubali.

Akakigeuza. Akafuata uzi kwa ukucha wa kidole gumba, mzunguko mmoja, wa pili, wa tatu. Alichukua muda. Nje kuku alikuwa anajisifu ametaga.

"Mama alitumia mkono wa kushoto," alisema.

Baba akaganda. "Nani amekuambia?"

"Hakuna. Uzi ndio unasema. Wafumaji wengi mzunguko wao unakwenda upande huu. Wa kwake unarudi. Na hakuwahi kukosea idadi, ila hapa." Alionyesha ua moja pembeni. "Hapa ameruka tundu moja. Alishtuliwa na kitu."

"Na huyo," Baba akasema, akaninyooshea kidole bila kunitazama. "Alikuwa tumboni. Alikuwa anampiga mateke mama yake akifuma. Mama yake akawa anasema, Loishiye, mtoto wako ameniharibia hesabu."

Sikuwa nimewahi kusikia habari hiyo. Niliketi tena kwenye stuli.

Baba akaja akapiga magoti upande wa pili wa kochi, magoti yake yakilalamika. Wakakitazama wote wawili, mzee na kijana, kama wanaotazama ndama.

"Nionyeshe na hizo nyingine," Baba akasema.

"Zipi, baba?"

"Mmesema ni tatu. Mimi nimeona moja."

Aminieli akatoa kwenye mfuko kipande cha feruzi na kipande cha bizari. Akakichukua na kile chekundu mezani, akavitandaza vyote kwenye kochi, vikigusana. Chumba kile cha kijivu kikashtuka. Shangazi akasema "mh" kwa namna ambayo haikuwa ya kukataa.

Baba alikuwa mtu wa ng'ombe. Kwa mbali kabisa angekutajia ng'ombe wa nani, wa tumbo gani, kwa baka tu la ubavuni. Sikuwahi kufikiri kwamba macho hayo yanaweza kutazama sofa.

"Hapa mmekosea," akasema.

"Wapi, baba?"

"Zote tatu zinapiga kelele kwa pamoja. Mama yake Naipanoi alikuwa anatunga shanga. Hakuwahi kuacha rangi kali mbili zigusane. Aliweka mstari mweupe katikati, mwembamba, shanga mbili tu. Nilimuuliza wa nini. Akasema, macho yako yakitoka hapa kwenda pale yapate mahali pa kukanyaga." Akachukua kitambaa cheupe cha kufuma, akakilaza kati ya nyekundu na feruzi. Akasimama, akachukua kingine mgongoni kwa Shangazi, bila kumwomba asogee, akakilaza kati ya feruzi na bizari. "Nyeupe mnaihesabu?"

Aminieli alikuwa anatazama. Nami nilikuwa namtazama yeye, na niliona kitu kikifunguka usoni mwake polepole.

"Hatuihesabu, baba," akasema. "Tatu zinabaki tatu."

"Basi mna nafasi."

Ilikuwa kweli. Rangi zilikuwa zile zile, kali vile vile, lakini sasa kila moja ilisimama mahali pake na kusema jina lake. Vile vitambaa, ambavyo nilikuwa nimepanga kuvikunja na kuviweka kabatini kwa heshima, ndivyo vilivyoonekana vipya kuliko vyote. Miaka miwili nilikuwa navifuta vumbi. Sikuwa nimeviona.

"Mimi ni fundi wa miaka tisa," Aminieli akasema. "Hili sikulijua."

"Hukuuliza," Baba akasema. "Ndiyo shida ya kufanya mambo nikiwa mnadani."

"Nauliza sasa, baba. Naomba nifanye kazi hii ukiwepo. Ukisema toa, natoa. Na kama hutaki kabisa, nachukua vitambaa vyangu naondoka, na Naipanoi nitaendelea kumwomba kwako hata nikiwa na ndevu nyeupe."

"Huna ndevu hata nyeusi," Shangazi akasema.

Baba akamtazama kwa muda. Aminieli hakuinamisha macho, wala hakuyakaza. Aliyaacha tu pale, wazi. Mimi nilikuwa nimeshika ukingo wa stuli kwa mikono yote miwili.

"Wameru wanaamka saa ngapi?" Baba akauliza.

"Mapema, baba."

"Mwambie baba yako Jumamosi saa nne. Siyo saa nne yenu ya kupitia sokoni kwanza. Saa nne. Tutawapa loshoro, mahindi kwa maziwa ya mgando, wajifunze chakula." Akanigeukia. "Na wewe, yeyo, mama yangu, funga mdomo, nzi wataingia."

Nilitaka kumkumbatia. Kwetu binti hamkumbatii baba yake hivi hivi mchana kweupe, kwa hiyo nilimshika mkono, nikainamisha kichwa, akaniwekea kiganja utosini kama alivyofanya nilipokuwa mtoto. Kiganja kilikaa pale zaidi ya kawaida.

Kisha akaburuta stuli niliyokuwa nimekalia mpaka dirishani.

"Loishiye, utaanguka," Shangazi akasema.

"Mapazia haya aliyatundika yeye. Nitayashusha mimi."

Akapanda. Aminieli akafika kabla sijafika, akashika stuli kwa mikono miwili, kichwa chake kikiwa usawa wa magoti ya Baba. Pete za pazia zikalia moja moja kwenye chuma. Vumbi likashuka, Baba akapiga chafya, akaendelea. La kwanza likaja, la pili likaja. Mwanga ukaingia sebuleni wote kwa pamoja, na Mlima Meru ukawa pale dirishani, mkubwa, umevua mawingu yake, kana kwamba ulikuwa unangoja kukaribishwa.

Baba akaniletea mapazia mikononi. "Yafue. Uyakunje vizuri. Usiyatupe."

"Sitayatupa, Baba."

"Fundi," akasema. Lilikuwa neno lile lile aliloliandika kwenye simu, ila sasa alilitamka kama jina la mtu. "Dirisha hilo. Pima."

Aminieli akachomoa futi mfukoni. Akanipa mimi ncha moja, akarudi nyuma na nyingine mpaka mwisho wa dirisha, futi ikanyooka kati yetu. Akanitazama machoni, halafu kidevuni.

"Ngapi?" nikamuuliza.

Alikuwa hajasoma namba. Alijaribu kusoma, akapotea, akaanza upya. Shangazi akaokota mkoba wake na kusema anakwenda jikoni kuangalia chai, na Baba akasimama pale dirishani, ametupa mgongo, akautazama mlima kwa makini sana, kama mtu ambaye hajawahi kuuona.